Umeme Unapita Juu ya Vichwa Vyao

Mtu yeyote anayeishi Likasi ameyasikia maneno haya mpaka yamemchosha masikio. Yanahubiriwa Jumapili, yanarudiwa redioni, yanaandikwa ubaoni kwenye semina za mashirika, na wakati mwingine utayasikia hata kwa vijana wanaoshinda kando ya barabara za Kikula wakingoja kazi ya kutwa. Shida yetu, wanasema, ni mantalite. Mtu wa huku hapendi kazi. Hajui kuweka akiba. Anazaa kuliko uwezo wake. Bado anaingoja Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, irudi kumlisha kama zamani. Abadilishe akili, umaskini utamtoka.

Dai hili si la kweli, na tena lina madhara. Linamwondolea lawama mwenye madaraka na kumtwika mwenye njaa. Nitalipinga nikiwa na mahali pamoja mbele ya macho, Koni, kwa sababu pale umaskini unaonekana ukitengenezwa na watu, mchana kweupe, kwa mipango iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Koni iko mashariki ya Likasi, kwenye bonde la mto Lufira, kilomita chache chini ya Mwadingusha. Mto unateremka kwa nguvu kati ya vilima, na Wabelgiji hawakukawia kuiona nguvu hiyo. Kituo cha Mwadingusha, walichokipa jina la Francqui, kilianza kutoa umeme mwaka 1930. Cha Koni, walichokiita Bia, kilifuata mwaka 1950: mashine tatu za megawati 14 kila moja, jumla megawati 42. Bia na Francqui walikuwa maofisa wa msafara uliopita Katanga mwaka 1891 na 1892, na mwanajiolojia wa msafara huohuo, Jules Cornet, ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza kwa undani juu ya utajiri wa madini ya nchi hii. Hata majina ya mabwawa yalisema yalijengwa kwa ajili ya nani. Kiwanda cha Shituru hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule, kilianza kazi mwaka 1929, na kusafisha shaba kwa njia ya umeme kunahitaji nguvu nyingi mno. Sogefor, kampuni iliyozaliwa na kampuni ya migodi ya Union Minière, iliufunga mto Mwadingusha, bonde likafurika likawa ziwa Tshangalele, na nyaya zikavutwa moja kwa moja hadi kiwandani. Watu wa bonde hawakuwamo katika hesabu. Waliokuwamo ni wale waliohitajika kubeba mawe.

Mwaka 1970 serikali iliunda shirika la umeme la SNEL, na miaka michache baadaye vituo vya Katanga vikawa mali ya taifa. Jina la mwenye mali lilibadilika. Njia ya nyaya haikubadilika. Leo katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme, na vijijini ni karibu mmoja tu kati ya mia. Vijiji vingi vya bonde la Lufira vimo katika hao tisini na tisa. Ukisimama chini ya nguzo kubwa za chuma unasikia nyaya zikivuma juu ya kichwa. Jua likizama, nyumba zilizo chini ya nguzo hizo zinawasha tochi, na mwenye simu anakwenda kulipa kwa muuza duka mwenye paneli ndogo ya jua ili aichaji.

Basi watu hao wanafanya nini? Wengi wanachoma mkaa, au makala kama tunavyosema Katanga, kwa ajili ya mji ambao nao umeme wake unakatika kila mara. Mtazame mmoja wao barabarani. Baiskeli yake haipandwi, inasukumwa, kwa maana hakuna pa kukaa: magunia yamepangwa nyuma, pembeni na katikati ya fremu, kila gunia limejazwa kupita mdomo na kuzibwa kwa majani makavu yaliyoshonwa kwa kamba. Kwenye usukani amefunga fimbo ndefu ili aweze kuuongoza akiwa amesimama kando. Kwenye mpando anainama mpaka uso wake unakaribia magunia, na kwenye mteremko anavuta mzigo kwa nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, visigino vikikwaruza changarawe, kwa sababu breki haziwezi kitu. Ametoka usiku ili aingie sokoni asubuhi. Kabla ya safari hiyo amekata miti, ameikusanya, ameifunika kwa udongo, na amelinda tanuri usiku na mchana lisije likapasuka na kila kitu kikageuka majivu. Njiani kuna vizuizi, na kwenye kila kizuizi anatoa kitu. Huyu ndiye tunayeambiwa hapendi kazi.

Hesabu yake inakwama kwa sababu nyingine kabisa. Anauza nishati ya hali ya chini kabisa, iliyotengenezwa kwa mgongo wake, huku nishati bora kuliko zote ikipita juu yake kwenda kwingine. Angekuwa na umeme angesaga mahindi ya jirani zake, angechomelea vyuma, angehifadhi samaki wa ziwani wasioze kabla ya kufika sokoni. Bila umeme amebakiwa na msitu, na kila mwaka msitu unasogea mbali zaidi, na safari yake inarefuka.

Tuhuma ya uvivu si mpya, wala haikuzaliwa na watafiti wa maendeleo. Ilikuja na dola ya kikoloni, na ilikuwa na kazi maalumu. Mwaka 1910 Wabelgiji waliweka kodi ya kichwa iliyotakiwa kulipwa kwa fedha, na mwaka huohuo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga kuitafutia migodi vibarua. Mkulima aliyekuwa na mihogo yake, mahindi yake na samaki wake hakuwa na haja ya kwenda kufa kwa nimonia kwenye kambi ya migodi kwa ujira mdogo. Kukataa kwake kuliitwa uvivu. Mwaka 1917 ikaja amri ya kilimo cha lazima: mwanakijiji alazimishwe kulima zao alilopangiwa, na asiyelima afungwe. Walipopatikana watu wa migodi, na wakajifunza kazi mpaka wakaitwa mafundi, wakaomba mshahara unaotosha. Desemba 1941 walipogoma Panda na Shituru hapa Likasi, na Lubumbashi, walijibiwa kwa risasi. Tarehe 9 ya mwezi huo makumi waliuawa Lubumbashi. Mvivu hagomi kwa ajili ya mshahara wa kazi yake. Hivyo kila ninaposikia mtu msomi wa leo, mtoto wa Katanga, akilirudia neno hilo kana kwamba amelivumbua yeye, nasikitika sana, kwa sababu babu yake alitukanwa nalo.

Sasa tuje kwenye akiba, maana hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiona wameshika ukweli. Ni kweli kwamba watu wengi wa huku hawaweki fedha benki. Ni kweli kwamba mtu akipata pesa anainunulia bati, matofali, mbuzi, au anaiingiza katika likelemba, yaani mchango wa zamu, na wenzake, na mara nyingine anaila yote. Wanasema hiyo ni akili fupi. Mimi nasema ni kumbukumbu ndefu.

Mchukue mtu aliyekuwa mwangalifu kama semina zinavyotaka. Desemba 1979, kwenye majira ya Krismasi, alikuwa na noti zake za zaire tano na zaire kumi zimekunjwa sandukuni. Serikali ya Mobutu ikatangaza kwamba noti hizo si pesa tena, ikatoa siku chache za kubadilisha, na ikaweka kikomo cha kiasi ambacho mtu angebadilishiwa. Mwenye jamaa mkubwa benki aliokoka. Wa kijijini alibaki na karatasi. Tuseme hakukata tamaa, akaanza upya. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, na kila zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka uliofuata, 1994, mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja franki ya Kongo, na kila franki ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: franki moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za yule mtu wa mwanzo. Mtu aliyenunua mbuzi mwaka 1979 alikuwa na ukoo wa mbuzi. Aliyesikiliza ushauri wa kuweka fedha hakuwa na kitu. Nani hapo alikuwa na akili?

Na wengi wa waliofilisiwa namna hiyo walikuwa na kazi. Hilo linatuleta kwa wale wanaosemwa kwamba wanaingoja Gécamines.

Gécamines, iliyochukua mali za Union Minière mwaka 1967, ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Wahubiri wa mantalite wanasema vitu hivyo ndivyo vilivyowaharibu watu. Lakini unga ule haukuwa sadaka. Ulikuwa sehemu ya mshahara, uliohesabiwa hivyo tangu enzi za Union Minière, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kwa kampuni kumlipa mtu sehemu kwa unga kuliko kumlipa yote kwa fedha. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani 476,000 hivi za shaba, na fedha zake zikaliwa na utawala wa Kinshasa badala ya kutengeneza mitambo. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1992 na 1993, wakati gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stesheni ya reli wakingoja treni huku watoto wao wakifa. Wakaondoka mafundi, walimu na wauguzi, na mji ukajikata mkono wake wenyewe. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi kama tani 30,000. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoamuliwa na mfanyakazi wa Shituru.

Kisha ikaja ile iliyoitwa Operesheni ya Kuondoka kwa Hiari, kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, na walipewa fedha za mara moja zilizohesabiwa na wengine. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa kwa miezi na watoto wake wamefukuzwa shule si hiari. Baadaye walianza kuambiwa: anzisheni biashara, mbona wengine wameanza? Maelfu ya watu katika miji ileile, kwa wakati uleule, wakiwa na fedha kidogo na wateja ambao nao wameachishwa kazi. Duka la mmoja likashindana na duka la jirani yake, hakuna wa kununua. Mzee anayeketi leo mbele ya nyumba yake Panda akikumbuka Gécamines anakumbuka deni. Anadai.

Habari ya wingi wa watoto nitaipita haraka, kwa kuwa imekwisha kujibiwa dunia nzima: watu wanazaa wachache pale watoto wanapoacha kufa, wasichana wanapokaa shuleni, na wazee wanapokuwa na kitu kingine cha kuwategemea kuliko watoto. Mpangilio ni huo. Kuwalaumu wazazi kabla ya kuwapa zahanati ni kugeuza mambo juu chini.

Lakini shule inastahili tukae nayo kidogo. Kwa miaka mingi tuliambiwa wazazi wa vijijini hawathamini elimu. Kuanzia miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa walimu inavyostahili, mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu, muhula kwa muhula, na mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi ni bure, haikutekelezwa. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alianza kuitekeleza. Mamilioni ya watoto waliingia darasani. Madarasa yalifurika mpaka walimu walilia, watoto wakaketi chini, watatu dawati moja, wengine dirishani. Kati ya Juni na Septemba ya mwaka ule hakuna aliyewabadilisha wazazi akili. Kilichobadilika ni nani analipa. Kama kuna ushahidi mmoja ningependa kila mhubiri wa mantalite akae na kuutafakari, ni huo.

Wapo wanaokubaliana nami mpaka hapa halafu wanasema: sawa, basi tuongeze uzalishaji, utajiri utafika wenyewe. Umefika wapi? Kongo ilitoa takribani tani milioni tatu za shaba mwaka 2024, mara sita ya kilele cha Gécamines, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima. Katika nchi hiyohiyo, zaidi ya watu saba kati ya kumi wanaishi chini ya kipimo cha umaskini wa kupindukia cha Benki ya Dunia. Uzalishaji tunao. Tumeujaribu.

Angalia kilichotokea kwenye mto wetu. Mashine za Mwadingusha na Koni zilizeeka, na SNEL haikuwa na fedha. Kampuni ya Ivanhoe Mines, mmoja wa wamiliki wa mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, ilikubaliana na SNEL kugharamia ukarabati wa vituo vya Mwadingusha, Koni na Nzilo. Fedha zingerudishwa kwa kupunguzwa bili ya umeme, na mgodi ungekuwa na haki ya kupewa umeme huo. Mwaka 2021 Mwadingusha ilirudi kufanya kazi na megawati 78 zake. Siwalaumu waliofanya kazi hiyo. Mitambo imepona, na kampuni ilifanya linaloifaa. Ninachouliza ni hiki: mezani, wakati mkataba unaandikwa, ni nani aliyekaa kwa niaba ya bonde? Kanuni iliyotawala ni kwamba anayelipa ndiye anayewashiwa kwanza. Kwa kanuni hiyo mwanakijiji wa Koni, hata akiamka alfajiri kila siku ya maisha yake, hata akisoma vitabu vyote vya kuhamasisha, hatawashiwa taa, kwa sababu hawezi kukarabati bwawa.

Na si Lufira peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 za nguzo kuvuka nchi. Umeme wake umetengenezwa kwa namna ambayo hauwezi kuteremshwa njiani bila mitambo ya gharama kubwa, na mitambo hiyo haikujengwa. Vijiji vya majimbo kadhaa vimeishi chini ya waya huo kwa zaidi ya miaka 40. Watoto waliozaliwa chini yake sasa wana watoto wao.

Bonde limetoa zaidi ya umeme. Maji machafu ya viwanda vya Likasi yanaingia mto Panda, Panda inaingia Lufira, Lufira inaingia ziwa Tshangalele, na humo ndimo wavuvi wa upande wa Kapolowe wanamotupa nyavu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti iliyokuwamo ilikuwa ya kiwango cha juu mno, miongoni mwa viwango vikubwa kuwahi kupimwa kwa watu wa kawaida. Mwili wa mtu unalipa gharama ya shaba. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari la kampuni yoyote, kwa hiyo tunaiona shaba kuwa rahisi na mtu kuwa dhaifu.

Wapinzani wangu watasema: hata hivyo, si wote. Wapo wanaokunywa pombe ya lutuku tangu asubuhi. Wapo wanaokula mbegu. Ndiyo, wapo, ninaishi nao, nawajua. Lakini kipi kinatangulia? Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Walipewa mitihani ya kufikiri kabla ya mavuno, walipokuwa wamebanwa na madeni, na baada ya mavuno, walipokuwa na fedha. Watu ni walewale, na baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi kwa dhahiri. Ukata unaila nafasi ya kufikiri. Mtu anayehesabu kila siku atakula nini jioni hana nafasi ya kupanga mwaka, na ukimwondolea hesabu hiyo nafasi inarudi. Kwa hiyo hata pale akili inapoonekana kuwa fupi, ufupi huo ni matokeo. Tumekuwa tukitibu homa kwa kumkaripia mgonjwa.

Basi tufanye nini? Nianze na tusichopaswa kuendelea nacho. Semina za ujasiriamali na mikopo midogo zimepewa miaka mingi. Mwaka 2015 zilitoka tafiti sita za mikopo midogo kutoka nchi sita, Ethiopia na Moroko zikiwamo. Ziliona inawasaidia baadhi ya watu kupanga matumizi, lakini kwa wastani haikuwatoa watu katika umaskini. Ni busara kuamini matokeo hayo. Mkopo wa riba kubwa kwa mama anayeuza samaki wadogo wa kapenta kwa makopo mahali ambapo kila jirani anauza kapenta unaongeza mwuzaji, hauongezi mnunuzi.

Linganisha na kilichofanyika Siaya, Kenya. Zaidi ya kaya 10,500 maskini zilipewa kama dola 1,000 kila moja, bila masharti na bila mahubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo kwa takribani dola mbili na nusu. Majirani ambao hawakupewa nao waliinuka, kwa sababu fedha zilinunua bidhaa zao na kazi zao, na bei za vitu karibu hazikupanda. Waluo wa Siaya hawana akili tofauti na Wasanga wa Lufira. Walichopata ni mtaji na wateja kwa wakati mmoja.

Na umeme? Tanzania iliunda Wakala wa Nishati Vijijini kwa sheria ya mwaka 2005, ikaupa fedha zinazotokana na tozo juu ya umeme na mafuta ya magari, na kwa vijijini ada ya kuunganishwa ikashushwa hadi shilingi 27,000. Leo gridi imefika karibu vijiji vyote zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara. Zipo nyumba nyingi ambazo bado hazijaunganishwa, na umeme unakatika huko pia, sidai pepo. Nadai kwamba nchi isiyo na shaba yetu wala kobalti yetu iliamua kwamba waya usimame kijijini, ukasimama.

Norway ilikwenda mbali zaidi, na zamani zaidi. Sheria yao ya mwaka 1917 iliweka kwamba anayefunga maji ya mto kwa ajili ya umeme ailipe ada wilaya yenye mto, na aiuzie wilaya hiyo hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei inayotokana na gharama. Mwaka 1917 ni ule uleule ambao Mkongo aliwekewa kilimo cha lazima. Maporomoko yalikuwa maporomoko pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekuwa na kura.

Tufanye hesabu hiyo kwa Koni. Asilimia 10 ya megawati 42 ni megawati 4.2. Kwa nyumba inayotumia wati 200 kwa wakati mmoja, yaani taa, redio, simu na feni, hizo ni nyumba 21,000. Ondoa nusu kwa ajili ya mashine za kusaga, majokofu ya samaki, zahanati na shule. Bado zinabaki nyumba zaidi ya 10,000. Sijui bonde lenye watu wengi kiasi gani lingehitajika kuumaliza umeme huo. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 imekwisha kuondoa ukiritimba wa SNEL na kuzipa majimbo mamlaka juu ya umeme wa maeneo yao. Wasimamizi wa hifadhi ya Virunga, kule Kivu ya Kaskazini, katikati ya vita, walijenga kituo cha Matebe cha megawati 13 na kuwasha nyumba. Sisi tuna bwawa tayari, limejengwa tangu 1950. Tunachokosa ni transfoma na uamuzi.

Hapo wapinzani wangu wanaleta pingamizi la mwisho: fedha hakuna. Mwaka 2013 jopo la Kofi Annan juu ya maendeleo ya Afrika lilichunguza mauzo matano tu ya mali za migodi za Kongo kati ya 2010 na 2012, na kuona kwamba mali hizo ziliuzwa chini ya thamani yake kwa dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti za afya na elimu za mwaka 2012 zikijumlishwa. Mikataba mitano, miaka mitatu. Kuwasha taa za Lufira kungegharimu makombo ya fedha hizo.

Na ipo sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta, uchifu au wilaya ya mji ulipo mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa jamii zinazoizunguka. Ni hatua kubwa, na waliopigania ibara hizo wanastahili shukrani. Lakini mgawo unafuata shimo. Ukifuata shimo unafika Kolwezi, Fungurume, Kambove. Haufuati mto. Bonde linalotoa umeme wa kuendesha mgodi, lililozama sehemu yake chini ya ziwa, linalopokea maji machafu ya kiwanda, halimo. Ninapendekeza liingizwe: kila kilowatisaa ya Mwadingusha na Koni inayouzwa kwa mgodi iwe na fungu la bonde, liwekwe kwenye akaunti moja inayojulikana, na kila robo ya mwaka kiasi kilichoingia na kilichotoka kibandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa shule na wa zahanati. Wataiba? Baadhi watajaribu. Mwizi wa fedha zilizobandikwa ukutani anajulikana kwa jina na jirani zake. Mwizi wa fedha zilizobaki Kinshasa hajulikani na mtu wa Koni.

Bunge la jimbo linakaa Lubumbashi, mwendo wa saa mbili tatu kutoka hapa kwa barabara ya lami. Mapadri, wachungaji, walimu na viongozi wa vyama vya wavuvi wa Kapolowe wana sauti pale kuliko wanavyodhani. Wanaotumia Jumapili nzima kuwafundisha maskini wajichunguze wangeweza kutumia Jumapili moja kukusanya sahihi za kuomba ibara moja ya sheria: asilimia 10 ya umeme wa Lufira, kwa bei ya gharama, kwa watu wa Lufira.